Mtoto ana miezi minne, bahari iko palepale: nianzeje kukimbia?

Swali: Naishi Kunduchi, Dar es Salaam. Mtoto wangu wa kwanza ana miezi minne na ninamnyonyesha. Kabla ya ujauzito nilikuwa nakimbia ufukweni kilomita 10 bila shida, na mawazo yangu mazuri, hata ya kazini, yalikuwa yananijia huko huko. Wiki iliyopita nilijaribu tena. Dakika kumi tu nikawa hoi, mkojo ukanitoka kidogo, na bahari hata sikuiona. Kichwani ni mtoto, mtoto, mtoto. Je, nimeharibika? Ile hamu itarudi? Na mtoto naweza kumsukuma kwenye kigari nikiwa nakimbia?

Jibu:

Hongera ya mtoto, dada, na pole kwa usiku unaokesha. Hujaharibika. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, la mwili na la kichwa, na wengi hukimbilia la kichwa kwanza kwa kuwa ndilo linalouma. Tuanze na mwili, maana anayehofia kulowa hawezi kutazama kitu kingine chochote njiani.

Mkojo kutoka kidogo unapokimbia huwapata wanawake wengi baada ya kujifungua, lakini wingi wao haufanyi liwe jambo la kuachwa hivi hivi. Kila unapotua mguu, mwili hupokea nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wako, na sehemu ya nguvu hiyo huishia kwenye misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Misuli hiyo imebeba mimba miezi tisa, na kama ulijifungua kwa njia ya kawaida imevutika sana siku ya uchungu. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, wa Uingereza mwaka 2019 unashauri mama asirudi kukimbia kabla ya wiki 12, na wengi huwa tayari kati ya miezi mitatu na sita. Zile wiki 12 ni kizingiti cha chini tu. Kuzivuka hakumaanishi kwamba mwili umeshakubali.

Njia ya kujua kama umekubali ni kujipima nyumbani, na robo saa inatosha ukiacha lile tembezi la mwanzo. Tembea haraka kwa dakika 30. Kisha simama kwa mguu mmoja sekunde 10, kila mguu. Chuchumaa kidogo kwa mguu mmoja mara 10, kila upande. Kimbia papo hapo dakika moja. Ruka mbele kwa kupokezana miguu mara 10, halafu ruka papo hapo kwa mguu mmoja mara 10, kila upande. Ukimaliza yote bila maumivu, bila mkojo kutoka, na bila kuhisi uzito ukeni kama kuna kitu kinataka kushuka, anza mpango nitakaoueleza chini. Kukiwa na dalili mojawapo, rudi kwenye kutembea na mazoezi ya misuli kwa wiki tatu au nne, kisha jipime upya. Ule uzito ukeni usiubembeleze hata kidogo. Hospitali kubwa, Muhimbili ikiwa mojawapo, zina idara ya fiziotherapia. Nenda, na useme wazi kwamba tatizo ni la sakafu ya nyonga, usiishie kusema "kiuno kinauma".

Zoezi lenyewe la sakafu ya nyonga ni la kubana na kuachia. Bana kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, vuta kwenda juu, shikilia hadi sekunde 10, achia kabisa. Rudia mara 10, kisha bana haraka haraka mara 10. Fanya mara tatu kwa siku, na wakati mzuri ni unapomnyonyesha, kwa kuwa hapo umekaa hata hivyo. Linaharibikia kwenye mambo matatu: kuzuia pumzi, kukaza makalio badala ya sakafu yenyewe, na kusukuma chini badala ya kuvuta juu. Usijizoeze kwa kukata mkojo katikati ya haja ndogo. Kujaribu mara moja ili uijue misuli si neno, lakini ukifanya mazoea kibofu hakimalizi. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo usikate tamaa siku ya kumi.

Hukusema ulijifungua kwa njia gani. Kama ni upasuaji, fahamu kwamba kovu la juu hupona mapema kuliko lililo ndani. Utando mgumu wa tumbo unakuwa umerudisha nusu na zaidi kidogo tu ya nguvu zake wiki ya sita, na hata miezi sita au saba baadaye bado haujafika asilimia 100. Hapo miezi minne ni mapema, na wiki chache zaidi za kutembea hazitakupotezea kitu.

Na kuhusu mkaja: kama bibi au mama mkwe bado anakufunga tumbo, usikimbie nao. Kitambaa kilichokaza tumbo husukuma shinikizo kwenda chini, palepale tunapopaimarisha. Ukiwa umelala au umekaa, na haubani pumzi, sina ugomvi nao.

Kuhusu kuwa hoi kwa dakika kumi, kabla hujalaumu uvivu pima damu. Chini ya gramu 12 za hemoglobini kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa upungufu, na mama aliyetokwa na damu nyingi siku ya kujifungua anaweza kuburuta upungufu huo miezi kadhaa bila kujua. Hakuna mpango wa mazoezi unaoshinda damu pungufu. Unaponyonyesha, mwili pia unadai takriban kilokalori 500 za ziada kila siku, kwa hiyo kukimbia na tumbo tupu ili "kukata kitambi" ni njia ya mkato ya kuzimia. Ndizi moja au kikombe cha uji nusu saa kabla kinatosha.

Sasa bahari uliyoshindwa kuiona. Mama wa mtoto mchanga hulala kwa vipande, na hata akiwa macho sehemu ya akili yake iko kwenye doria, inasikilizia kilio. Akili iliyo kazini namna hiyo haina nafasi ya kupokea mandhari. Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kitambo kwamba umakini tunaoulazimisha huchoka, na kwamba vitu vya asili vinavyovuta jicho bila kulilazimisha, kama mawimbi, mawingu au majani yanayotikisika, huupa nafasi ya kupumzika. Lakini hilo halitokei kama bado uko doriani, na halitokei kama mbio zenyewe ni ngumu kiasi cha kukufanya uhesabu pumzi. Ulipokuwa unakimbia kilomita 10 kwa raha, mwili ulikuwa unajiendesha wenyewe na macho yalikuwa huru. Leo mwili haujiendeshi. Ndiyo maana ushauri wa "tafuta sehemu mpya yenye mandhari nzuri" haukufai kwa sasa. Sehemu mpya inaongeza kazi: njia ipo wapi, ni salama, nitarudi saa ngapi? Wewe unahitaji njia moja, fupi, ile ile, na ndani yake mapumziko ya kutazama.

Iwe fupi namna gani? Usiwe mbali na nyumbani kuliko mwendo wa dakika nane kwa miguu. Badala ya kwenda moja kwa moja na kurudi mara moja, nenda na urudi kwenye kipande hicho hicho mara mbili au tatu. Na anayebaki na mtoto, awe baba, bibi au dada wa kazi, mpangieni kabisa lini apige simu: mtoto amelia dakika kumi mfululizo na habembelezeki, au kuna jambo la afya. Kunung'unika na kukunja uso si sababu. Simu iwekwe iweze kulia kwa namba hiyo moja tu, nyingine zote zinyamaze, na masikioni usiweke kitu. Ukijua kwamba simu isipolia mambo ni shwari, ile doria inalegea yenyewe, na hapo ndipo macho yanapoanza kuona.

Mnyonyeshe kabla tu hujatoka: matiti yanakuwa mepesi, naye ana muda wa kushiba. Mazoezi ya kawaida hayaharibu maziwa wala hayayapunguzi. Jasho tu ndilo lenye chumvi, kwa hiyo jifute kabla ya kumpa tena. Sidiria ya mazoezi ibebe bila kuminya. Ikibana, maziwa hukwama, titi linakuwa gumu na jekundu, na jioni una homa. Sidiria ya kabla ya mimba iache kabatini. Raba nazo zijaribu upya, maana miguu ya akina mama wengi hurefuka kidogo na unyayo kushuka. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Kwa mtu wa Kunduchi, ratiba bora ya mazoezi haiko kwenye programu ya simu. Iko kwenye maji. Pwani ya Dar es Salaam, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na za mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kilele cha kujaa huwa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, ilhali kupwa ni karibu saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Matokeo yake, ukihesabu kwa mwezi mwandamo, kuanzia takriban tarehe 9 hadi 15, na tena kuanzia 24 hadi 29, asubuhi ya saa 12:30 hadi saa 2 utakuta maji yamepwa, yanatoka au ndiyo kwanza yanarudi, na mchanga mgumu upo. Tarehe 2 hadi 7 na 17 hadi 22 maji huwa juu asubuhi au yamebakiza njia nyembamba ya mteremko, na jioni ya saa 12 ni vivyo hivyo. Hakikisha kwenye jedwali la maji la mwezi husika, au muulize mvuvi yeyote anayeshusha samaki hapo Kunduchi. Atakujibu bila kutazama popote.

Hivyo mwezi unajigawa wenyewe: wiki ya ufukweni, wiki ya barabarani, wiki ya ufukweni, wiki ya barabarani. Kwa mama anayeanza upya mgawanyo huu ni mzuri kuliko ratiba nyingi za vitabuni, kwa kuwa mzigo unabadilika kabla viungo havijalalamika. Nusu mwezi ya kwanza, kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara 8. Ufukweni fanya siku tatu kwa wiki zisizofuatana, barabarani siku mbili, na siku nyingine mbili za wiki ya barabarani uzitumie kwa kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja na kuinua nyonga ukiwa umelala chali, lengo likiwa mara 20 kila upande. Nusu mwezi ya pili, dakika 2 kwa 2, mara 6. Ya tatu, dakika 3 kwa 1, mara 6. Ya nne, dakika 5 kwa 1, mara 4. Baada ya hapo jaribu dakika 20 mfululizo, taratibu. Mwendo ni ule ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ongeza muda kabla ya kasi, kamwe usiongeze vyote wiki moja. Mkojo ukitoka, au uzito ukirudi jioni ile au kesho yake, rudi nyuma hatua moja na ukae hapo nusu mwezi nyingine. Usiku ambao umelala chini ya saa nne, tembea tu zile dakika 24. Siku hiyo usihesabu umeikosa.

Mchanga wenyewe una adabu zake. Ule mkavu wa juu ni laini, unazamisha kisigino na kuitesa misuli ya shavu la mguu na mshipa wa kisigino, na ndiko mbwa hujisaidia, kwa hiyo vimelea vya minyoo vinavyopenya ngozi huishi huko. Mchanga unaokufaa ni ule ambao maji yameuacha muda si mrefu, bado una unyevu, na unyayo unaacha alama isiyozidi kina cha kucha. Karibu na alama ya maji kujaa ufukwe una mteremko, mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwingine na nyonga zinapinda. Teremka hadi palipo tambarare, na kwa kuwa unakwenda na kurudi kwenye kipande hicho hicho, upande unabadilika. Vaa raba. Ndoana, vioo na vikoni vya mivinje havibagui. Baada ya mvua kubwa za masika kaa mbali na milango ya mito siku mbili tatu, kwa sababu maji yanashuka na uchafu wote wa mjini. Kipindi cha kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, anza ukiukabili upepo ili unaporudi umechoka ukusukume. Na usitoke gizani: jua huchomoza karibu saa 12 kamili mwanzoni mwa Novemba, lakini Julai ni hadi baada ya saa 12:30. Baki upande wenye wavuvi na wafagiaji wa hoteli.

Utazame nini? Kwanza jua wakati wa kutazama. Ni ile dakika moja au mbili ya kutembea. Unapokimbia, angalia hatua yako; unapotembea, inua uso. Kila siku chagua kitu kimoja tu, si bahari yote. Leo ni sauti. Siku nyingine iwe rangi ya maji kati yako na kisiwa cha Mbudya, ambacho pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Fungu Yasini, lundo la mchanga tu, ni kipimo kizuri cha macho: lipo siku hii, siku nyingine unaona povu peke yake.

Au tazama chini. Maji yanapotoka kwenye mchanga tulivu, kaa wadogo wasiozidi ukucha wa kidole gumba hutoka mashimoni, huchota mchanga, hula uchafu laini uliomo, na kuuacha mchanga uliobaki kama kijidonge. Vijidonge hupangwa mistari mistari kutoka shimoni kwenda nje, katikati kumeachwa njia safi ya kukimbilia hatari ikija. Ukikuta vijidonge vichache karibu na shimo, maji yametoka muda mfupi tu. Ukikuta duara pana limejaa, mchanga umeanikwa muda mrefu na huenda maji yako njiani kurudi, nawe geuza. Simama umbali wa hatua tatu, usitikisike, na hesabu taratibu hadi waanze kutoka tena. Hiyo peke yake inameza dakika mbili za kutembea. Wimbi likija linafuta kazi yote, na maji yakipwa wanaanza upya.

Ukipita mikokoni, tafuta mkoko uliozaa. Mbegu yake huota ikiwa bado imeshikamana na mti, inaning'inia kama kidole kirefu cha kijani hadi iwe tayari kudondoka. Hili nakuachia uliwazie mwenyewe.

Siku za barabarani fanya vivyo hivyo kwa mti mmoja. Mwembe ulioko kona ya mtaa wako utautazama umechanua, umebeba, umepukutisha, yote ndani ya mwaka wa kwanza wa mwanao. Njia mpya ungeiona nzuri mara moja ukaisahau. Njia ile ile inakuonyesha kilichobadilika tangu juzi, na mawazo hupenda kuja kupitia tofauti ndogo ndogo za namna hiyo. Usiyasubiri, wala usisimame kuyaandika. Ukifika getini, kabla hujaingia, jirekodi sauti kwa dakika moja: nimeona nini, nimewaza nini. Siku nyingi hutakuwa na la kuwaza. Sema ulichokiona, zima, ingia ndani.

Jambo moja liko nje ya haya yote. Kama kutokuona uzuri kumekwenda zaidi ya wiki mbili na hakuko ufukweni tu, unalia bila sababu, hulali hata mtoto akilala, chakula hakina ladha, au humhisi mtoto kuwa wako, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona baada ya kujifungua, na una tiba. Waambie kliniki unapompeleka mtoto chanjo. Na likija wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda hospitali siku hiyo hiyo, tena na mtu. Kukimbia kunasaidia pembeni, hakuchukui nafasi ya tiba.

Kigari: bado. Subiri mtoto atimize angalau miezi sita, awe anashika shingo vizuri na kukaa, na daktari wake akubali, kwa sababu mtikisiko wa kukimbia ni mwingi kwa shingo changa. Hata hapo kinatakiwa kigari cha kukimbilia chenye magurudumu matatu makubwa ya upepo, mkanda wa pointi tano, breki na kamba ya kifundo cha mkono. Cha kawaida chenye magurudumu madogo hupinduka kwenye shimo la kwanza. Mchangani hakiendi, kwa hiyo ni chombo cha wiki ya barabarani, kwenye lami tulivu, kabla ya saa 2 jua halijawa kali, na bila kufunika mbele kwa kanga, maana ndani hewa hukaa na joto hupanda haraka. Wiki ya ufukweni, baba yake ambebe kifuani na wakusubiri kwenye kivuli cha mivinje.